Watu wa Nyuma ya Kamera

Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka na harambee ya wana Kolo

   

Kamati ilituomba tuje tueleze kazi yetu, kwa sababu kila tukija nyumbani tunaulizwa swali lilelile: "Nyie mnaofanya kazi na Wamarekani wa televisheni, mbona hatujawahi kuwaona kwenye televisheni?" Jibu letu huwa fupi. Mkituona kwenye picha, mjue siku hiyo tumeharibu kazi.

Tuko wanne. Mmoja ni dereva, mmoja mpishi wa kambi, mmoja fundi umeme na mmoja mkalimani. Wote tumezaliwa Kolo na vitongoji vyake, wote tulikwenda Arusha kutafuta maisha, na kwa miaka mingi riziki yetu imetoka kwa wageni wanaokuja kurekodi vipindi vya televisheni. Anayesoma hapa ni mmoja, lakini maneno ni ya wote wanne. Tuliyapanga pamoja, tukabishana, tukakubaliana. Tuna jambo la kueleza, tuna kosa la kuungama mbele yenu, na mwisho tuna ombi.

Kazi yenyewe

Siku yetu huanza saa tisa usiku. Mpishi ndiye anayeamka kwanza. Chai iingie kwenye chupa, chapati na mayai vifungwe, kwa sababu mpiga picha anataka awe amefika kwa simba kabla jua halijachomoza. Timu ikitoka na njaa, saa nne asubuhi watu wanaanza kugombana, na wakigombana picha hazipatikani. Hilo hakuna chuo kilichomfundisha. Amelijua kwa miaka.

Dereva naye kazi yake si kukanyaga mafuta tu. Anatakiwa aegeshe gari mahali ambapo jua linamwangukia mnyama vizuri na upepo haupeleki harufu ya watu kule alipo. Kisha azime injini, maana injini inatikisa kamera na mngurumo wake unaingia kwenye kipaza sauti. Baada ya hapo anakaa. Anaweza kukaa saa sita bila kufungua mlango. Akilisogeza gari nusu mita wakati chui ameanza kushuka mtini, subira ya siku tatu imekwisha.

Fundi umeme ana betri. Kamera ina betri, taa zina betri, kipaza sauti kina betri, kompyuta ina betri, na porini hakuna nguzo ya TANESCO. Jenereta inawekwa mbali na mahema, nyuma ya kichuguu, isisikike. Jioni, wakati wengine wanaoga, yeye anasimamia kazi ambayo hakuna mtazamaji anayeijua: picha za siku nzima zinanakiliwa kwenye diski mbili. Diski moja inasafiri kwenye gari la kwanza na nyingine kwenye gari la pili. Gari moja likitumbukia mtoni, kazi inabaki. Tunaomba mshike kanuni hiyo, nakala mbili na magari mawili, kwa sababu tutairudia kabla hatujamaliza.

Mtu wa sauti mara nyingi anakuja nao, lakini tumejifunza mengi kwake. Kabla hamjaondoka mahali popote, atawaomba watu wote wanyamaze, kisha atarekodi ukimya kwa nusu dakika. Mara ya kwanza tulidhani ni sala, mpishi akavua kofia. Baadaye tukaelezwa kwamba kila mahali pana ukimya wake: upepo wake, wadudu wake, mwangwi wake. Ukimya huo ndio wanaoutumia kuziba nafasi kati ya maneno wanapounganisha picha kule kwao.

Na mkalimani anabeba maneno. Anazungumza na mwenyekiti wa kijiji, anasoma vibali, anaeleza fomu ya ridhaa kwa mtu anayerekodiwa, anauliza swali la mwongozaji na kurudisha jibu. Kazi yake inaonekana nyepesi kuliko zote, maana hanyanyui chochote. Nyepesi si hivyo, na tutakuja kuwaambia kwa nini.

Tuseme pia upande wa pili, ili kijana asije akadanganyika na kofia na miwani. Kazi hii inalipwa kwa siku. Kuna miezi ya kazi na kuna miezi ya kukaa ukisubiri simu. Ukiugua hulipwi. Wengi wetu hatuna mfuko wa pensheni, na tumechelewa kujiwekea akiba. Tumewahi kufanya kazi ya wiki tatu na malipo yakaja baada ya miezi mitano. Hata hivyo kazi hii imejenga nyumba, imesomesha watoto, na baadhi ya mabati mnayoyaona Kolo yametokana nayo.

Tulikotoka

Mwaka 1966 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kuonyesha tamthilia inayoitwa Daktari. Jina ni letu, Kiswahili kitupu. Ilihusu daktari wa mifugo na wanyama pori katika Afrika Mashariki, na iliendelea mpaka 1969. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika California, kwenye shamba la wanyama lisilo mbali na Los Angeles. Wakachukua neno letu na sura ya mbuga zetu, na mkate wa siku ukaliwa huko huko. Hatusemi waliiba. Tunasema tu kwamba mahali pasipo na mafundi, hata hadithi yenye jina la mahali hapo inaweza kutengenezwa kwingine.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 22 Desemba 1965, kituo hicho hicho kilionyesha kipindi cha National Geographic kuhusu Jane Goodall na sokwe wa Gombe, msimulizi akiwa Orson Welles. Hicho kilirekodiwa kweli Kigoma. Bi Goodall alifika Gombe Julai 1960 akiwa na mama yake na mpishi aliyeitwa Dominic. Katika kitabu chake amemtaja Rashidi Kikwale, aliyekuwa akitembea naye vilimani siku za mwanzo. Mpiga picha, Hugo van Lawick, alikuja 1962. Sisi tunaojua uzito wa kamera na miguu yake, tukiangalia picha za vilima vile, tunajiuliza kwanza: nani alipandisha mzigo? Mtazamaji wa Marekani hakuwa na sababu ya kujiuliza hivyo.

Na wazee mnakumbuka, wakati huo sisi wenyewe hatukuwa na televisheni. Zanzibar walianza miaka ya sabini mwanzoni, Tanzania Bara tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo aliyekuwa akifanya kazi kambini Gombe mwaka 1962 alisubiri miaka zaidi ya thelathini kabla upande huu wa nchi yake haujapata kituo cha televisheni. Alishiriki kupika chakula asichoweza kukionja.

Mwaka 2001 Wamarekani walikuja Kenya, hifadhi ya Shaba, upande wa Isiolo, kurekodi Survivor: Africa. Mtazamaji aliwaona washindani kumi na sita wakihangaika na maji na jua kana kwamba hakuna binadamu mwingine karibu. Lakini kila ukiona mtu yuko peke yake kwenye televisheni, kumbuka kwamba aliyeshika kamera alikuwepo, mwenye kipaza sauti alikuwepo, dereva alikuwepo, na aliyewapikia hao wote alikuwepo.

Majina

Baadhi ya watu wa Afrika Mashariki walipata jina. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam, na huko Dar ndiko alikoanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi. Picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 23 Oktoba 1984, na zikaamsha michango dunia nzima. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakati yeye na wenzake wakirekodi. Amin alipoteza mkono. Mtu wake wa sauti, John Mathai, alipoteza maisha. Amin mwenyewe alikufa 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Jina la Amin limeandikwa vitabuni. Jina la Mathai wanalikumbuka wachache, na sisi tumelisoma hapa leo kwa makusudi, kwa sababu alikuwa mtu wa nyuma kama sisi.

Kila kipindi kikiisha, majina yanapita kwenye kioo haraka haraka. Watu wengi wanazima au wanabadilisha kituo. Sisi ndio tunaokaa karibu. Mara nyingi majina yetu hayamo. Mara moja la mpishi lilikuwemo, herufi mbili zikiwa zimekosewa, na bado alipiga simu mpaka Kolo kuwaambia ndugu zake. Mtu kutaka jina lake liandikwe si majivuno. Jina likiandikwa, kazi inayofuata inajua pa kukutafuta.

Kazi inapofika na kukuta mafundi

Tangu 2008 mwongozaji wa Kijerumani, Tom Tykwer, na mwenzake Marie Steinmann, wamekuwa wakiendesha mafunzo ya filamu Nairobi. Hapo zikatoka filamu kama Soul Boy ya 2010 na Nairobi Half Life ya 2012. Vijana walijifunza taa, sauti, mavazi, kuunganisha picha, kuongoza. Kisha ikaja tamthilia kubwa ya Kimarekani, Sense8, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix Juni 2015. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni dereva wa matatu wa Nairobi. Safari hii haikuwa kama Daktari. Walikuja Nairobi penyewe, na Tykwer ndiye aliyeongoza sehemu za huko. Kazi ilipofika, ilikuta mji una watu waliokwishajifunza.

Hapa kwetu mnakumbuka The Royal Tour. Rais Samia Suluhu Hassan alirekodi mwaka 2021 na mtangazaji wa Kimarekani Peter Greenberg, filamu ikazinduliwa New York tarehe 18 Aprili 2022, na kabla mwezi haujaisha ikazinduliwa Arusha. Watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa 922,692 mwaka 2021. Mwaka 2023 walifika 1,808,205. Hatuwezi kusema filamu ndiyo iliyofanya yote, kwa sababu korona nayo ilikuwa imelegea na ndege zimerudi. Lakini tulioko Arusha tuliona simu zikilia.

Na sasa zinaweza kulia kwa ajili ya Kolo. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018. Gari likitoka Arusha asubuhi, mchana liko Kolo. Michoro yetu ya miambani iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, lenye mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro vinavyokadiriwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikaa hapa kwetu mwaka 1951 akiinakili, na kitabu chake kikatoka 1983. Wenye kamera wanajua njia. Watakuja. Swali ni nani kati yetu atakuwa amesimama nyuma ya kamera siku hiyo, na atakuwa anajua nini.

Kosa letu

Sasa tuungame.

Miaka kadhaa iliyopita timu ndogo ya televisheni ya Kimarekani ilipita Kolo kwa siku moja. Walikuwa wametoka kwenye mbuga za kaskazini, wakataka dakika tatu za michoro ili wapambe kipindi chao. Sisi ndio tuliokuwa nao. Tulifurahi, maana kwa mara ya kwanza kazi ilitupeleka kwetu. Tukapanda Mungomi wa Kolo na mzee mmoja wa nyumbani. Wengi wenu mnamfahamu, na kwa kuwa watoto wake hatukuwauliza, hatutamtaja.

Mzee aliketi chini ya mwamba, mgongo wake kwa michoro. Mwongozaji akauliza swali moja: picha hizi zina maana gani kwenu? Mkalimani wetu akauliza kwa Kirangi. Mzee akakaa kimya kidogo, halafu akaanza. Alizungumza kama robo saa bila kukatizwa. Alieleza alivyopandishwa pale na babu yake akiwa mtoto. Akaeleza nani anaruhusiwa kupanda na nani haruhusiwi, na kwa nini. Akaeleza mwaka mmoja mvua zilipokataa, wazee walipanda na nini, walikaa siku ngapi, na nini walichokiona waliposhuka. Akataja majina ya watu. Akataja pia jina la aina moja ya mchoro, neno ambalo hatukuwahi kulisikia.

Jua lilikuwa linazama. Mwongozaji alitazama saa, akamtazama mkalimani. Na mkalimani wetu akasema kwa Kiingereza: "Anasema michoro hii ni ya zamani sana, na watu huja hapa kuomba mvua."

Basi. Robo saa ikawa sentensi moja. Mwongozaji alitikisa kichwa kwa furaha, akamshukuru mzee, mtu wa sauti akarekodi ukimya wake wa nusu dakika, tukashuka.

Ndani ya gari fundi umeme aliuliza, "Mbona umefupisha hivyo?" Mkalimani akajibu, "Mwanga ulikuwa unaisha. Halafu lile neno sikulijua Kiingereza chake, wala Kiswahili chake." Hakuna aliyesema zaidi. Tulikuwa na safari ya usiku mbele yetu.

Jioni ile, kama kawaida, kazi ya siku ilinakiliwa kwenye diski mbili. Moja ikapanda gari la kwanza, nyingine gari la pili. Zote mbili zikaenda Marekani. Kipindi kilipotoka, mzee alionekana kwa sekunde chache, midomo ikicheza, sauti yake imeshushwa, na juu yake sauti ya msimulizi ikisema ile sentensi yetu.

Mzee alifariki. Tulikuja kuzika. Baada ya mazishi mjukuu wake alitufuata kwenye mkeka tulipokuwa tumeketi, akauliza kwa adabu: "Kaka zangu, ile sauti ya babu mliyoirekodi siku ile iko wapi?"

Tuliandika barua pepe mara mbili kwa waliokuja. Hatukujibiwa. Huenda ilifutwa, huenda iko kwenye kabati fulani, hakuna anayejua Kirangi wa kuisikiliza. Tukakaa wanne tujaribu kukumbuka alichosema. Dereva alikuwa amebaki chini na gari, hakusikia kitu. Mpishi alikumbuka habari za babu. Fundi umeme alikumbuka majina mawili. Mkalimani alikumbuka lile neno kwa wiki moja, kisha likampotea, kwa sababu hakuliandika.

Hatuwezi kuwalaumu wale wageni kwa hili. Waliuliza na wakajibiwa. Aliyekata maneno ya mzee ni sisi. Tulikuwa nyuma ya kamera, mahali ambapo mtu wa Kolo alistahili kuwa, na hatukuwa tumejiandaa kukaa hapo.

Katika michoro ya Kolo upo ule mmoja wa watu watano, ambao wageni wanauita utekaji: mtu mmoja katikati ameshikwa mikono, wengine wawili huku na wawili kule. Mary Leakey aliona watu wanagombania mwanamke. Watafiti wengine baadaye wakasema hapana, hiyo ni ngoma ya uponyaji, wakailinganisha na desturi za ndugu zetu Wasandawe. Wote waliandika vitabu. Huenda wazee wetu wana neno la tatu, huenda hawana. Lakini mpaka leo mjadala huo unaendelea huku sisi tukishika taa.

Ombi

Tunajua yanayosemwa. Tumesikia hata leo mlangoni: maji kwanza, zahanati kwanza, madawati kwanza. Tunakubali. Shilingi ya maji hatuigusi, na sisi wanne tumekwishatoa mchango wetu wa maji kama kila mtu. Tunachoomba kiko kwenye sanduku lake peke yake, na bei za vitu vyote mweka hazina ameziweka kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki ili kila mmoja akague.

Kwanza, tunaomba kinasa sauti kimoja kizuri, vipaza sauti viwili, betri zake na diski mbili za kuhifadhi. Vitakaa Kolo, chini ya kamati ya watu watano, wawili kati yao wakiwa wazee na angalau wawili wakiwa akina mama. Kazi yake ni moja: kuketi na wazee wetu, wakubwa kwa wakubwa, na kuwaacha wazungumze Kirangi mpaka wamalize. Hakuna mwanga unaoisha. Wazee wenyewe ndio watakaosema lipi lirekodiwe na lipi lisirekodiwe, na lipi lisikilizwe na nani. Yako mambo ya Mungomi ambayo si ya kinasa sauti, na hilo tutaliheshimu. Kwa lolote litakalohitaji kupanda kwenye eneo la michoro, tutafuata vibali vya wenye mamlaka kama tunavyowafuatia wageni.

Diski moja itabaki Kolo. Ya pili itakaa Dodoma kwa mtu ambaye mkutano huu utamchagua. Nakala mbili, magari mawili.

Pili, tunaomba ada ya vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Mmoja akasome umeme VETA Dodoma. Mwingine akasome mambo ya sauti na picha kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Hatuwapeleki wakawe watu maarufu. Tunawapeleka wakawe mafundi, ili siku kamera itakapokuja Kolo ikute mtu anayejua kuchaji betri, kuweka kipaza sauti, na kumwambia mwongozaji wa Kimarekani kwa Kiingereza safi: "Mzee hajamaliza. Subiri."

Neno hilo, subiri, sisi hatukuthubutu kulisema. Tulikuwa watu wa kulipwa kwa siku na tuliogopa kutoitwa tena. Sasa tumefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mwongozaji mzuri angesubiri. Wengine wangeshukuru kuambiwa.

Kwa upande wetu, ahadi yetu ni hii. Ada ya mwaka wa kwanza ya kijana mmoja tumeileta leo, iko kwenye bahasha, mweka hazina ataihesabu mbele yenu. Vijana hao wakimaliza, tutawachukua kwenye kazi zetu wakabebe betri, wapike, walale kwenye hema, wajue ukweli wa kazi kabla hawajaipenda. Na mkalimani wetu ameomba awe wa kwanza kuketi na wazee. Amenunua daftari. Anasema safari hii kila neno asilolijua ataliuliza palepale, hata kama ni mara kumi, na ataliandika.

Wazee wetu mlioketi mbele, mtusamehe. Yule mzee alitupa robo saa, nasi tukairudisha sentensi moja. Hatuwezi kuirudisha robo saa hiyo. Lakini nyie mko hapa, na sauti zenu ziko hapa, na kama mtatukubalia, tungependa kuanza Jumamosi hii, kabla hamjapanda gari la kurudi nyumbani. Fundi umeme amekuja na kinasa sauti cha kuazima. Betri zimejaa.

 Ndugu Mwenyekiti, bahasha ni hii.